Nikodemo Alikuwa Mzee

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira, katika siku ya mafungo ya Kwaresima. Tumeyachapa hapa kwa sababu vikundi vingi viliomba kuyasoma tena nyumbani.)



Tunajua huu ni msimu wa kazi. Wengine wenu mmeacha mahindi yakingoja palizi, na wengine mmeacha majani hayajachumwa. Mungu awabariki kwa sadaka hiyo.

Mmetuzoea sisi tukija na habari za mbuzi wa maziwa, za kuku, na za kuandika daftari la kikundi vizuri. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kuzaliwa upya. Pengine kuna mtu hapa anayejiuliza, "Hiyo si kazi ya Padre na katekista? Ofisi ya maendeleo inaingilia wapi?" Ni swali zuri. Tunaomba mlishike mpaka mwisho, halafu mtatuambia kama tumeingilia yasiyotuhusu.

1. Swali la stendi

Ukisimama stendi pale Kisii mjini, ama soko la Keroka, haitachukua muda kabla ya mtu kukusogelea na Biblia mkononi akuulize, "Ndugu, umeokoka? Umezaliwa mara ya pili?"

Sisi Wakatoliki huwa tunajibu kwa njia mbili. Wengine tunakasirika. Wengine tunasema, "Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto, cheti kiko nyumbani kwa sanduku." Jibu hilo ni la kweli. Ubatizo ni kuzaliwa upya kwa maji na kwa Roho, na Kanisa halibatizi mtu mara mbili. Lakini mtoto akishazaliwa, je, tunamwachia hapo? Si lazima anyonye, atambae, aanguke, ajifunze kusema? Mtoto ambaye baada ya miaka arobaini bado yuko vile alivyotoka kwa mkunga, huyo tutasema ana shida.

Ndiyo sababu kila Mkesha wa Pasaka tunashika mishumaa na kurudia ahadi za ubatizo. Kama mambo yote yangekuwa yamekwisha siku ile ya kwanza, tungerudia kwa nini?

2. Nikodemo anakuja usiku

Fungueni Injili ya Yohane, sura ya tatu. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Nikodemo. Alikuwa Farisayo, mwalimu, na mkubwa katika baraza la Wayahudi. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mwenyekiti wa kila kamati. Alimwendea Yesu usiku. Huenda aliogopa kuonekana na wenzake. Ama pengine mchana hakuwa na nafasi, kama viongozi wengi tunaowajua.

Yesu akamwambia hawezi kuuona ufalme wa Mungu bila kuzaliwa tena. Nikodemo akashangaa: mtu mzima na mvi zake arudi vipi katika tumbo la mama yake? Wasomi wa Biblia wanatufundisha kwamba neno la Kigiriki lililotumika pale lina maana mbili. Laweza kuwa "tena", na laweza kuwa "kutoka juu". Nikodemo alisikia ile maana ya kwanza tu. Yesu alikuwa anampeleka kwenye ya pili.

Angalieni jambo moja. Sisi tuna methali, samaki mkunje angali mbichi. Tunaitumia kwa watoto, na ni ya kweli. Lakini hapa Yesu anamkunja samaki aliyekauka! Mzee anaambiwa aanze kujifunza. Na mzee huyo hakuondoka kwa hasira. Alibaki akauliza tena, yawezekanaje mambo hayo? Kuuliza si ujinga. Kuuliza ndiko kulikuwa mwanzo wa kuzaliwa kwake.

Wale wenye majani chai watatuelewa haraka. Mche wa chai ukizeeka, ukipanda juu na kutoa majani machache, unafanya nini? Hung'oi. Unaupogoa, au kama tunavyosema wenyewe, unauprunu. Kila baada ya miaka mitatu au minne unaukata mpaka unabaki vijiti vitupu. Mtu asiyejua akipita atasema shamba limekufa. Na kwa miezi kadhaa hakuna cha kupeleka kituoni, kwa hiyo wengi tunaogopa kukata. Lakini mizizi ni ile ile, na majani yanayotoka baadaye ni mapya. Mungu hamng'oi mzee. Anampogoa.

Babu zetu walipitia hayo. Wamisionari wa Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, imani hii ilikuwa ngeni kabisa huku Gusii. Vita vilipofika Kisii mwaka 1914, wamisionari waliondoka na misheni ikaporwa. Waliporudi ilibidi kuanza tena. Wale wa kwanza waliokwenda kuuliza habari hizi walichekwa na ndugu zao. Baadaye, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965, Misa ilianza kusomwa katika lugha zetu. Wako wazee waliosema Misa bila Kilatini si Misa. Leo nani kati yetu angependa kurudi? Kisha mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki wakakazia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Watu wakauliza, "Tutasomaje Biblia nyumbani bila Padre?" Leo ndizo uti wa mgongo wa parokia.

Kwa hiyo tusiseme kwamba jambo jipya ni adui wa imani. Imani yenyewe ilitufikia ikiwa jambo jipya.

3. Jambo tuliloandika vibaya

Sasa, kuzaliwa upya tunakupima wapi? Wengine wanapima kwa machozi, kwa kuimba, kwa kuacha pombe. Yote ni mema. Lakini katika vijiji vyetu kuna kipimo kingine, nacho ni hiki: mtu akifa ghafla katika boma, kesho yake tunamtazama mama mzee wa jirani kwa macho gani?

Tutawaambia jambo ambalo si la kujivunia. Hatutataja parokia wala majina.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama tulichokisaidia kuandika katiba. Walikuwa na kuku na merigoraundi ya kila Alhamisi. Mwanachama mkubwa kwa umri alikuwa mjane, magokoro wa watu wengi pale kijijini. Mchango wake aliuleta umefungwa kwenye pembe ya leso, na hakuwahi kuchelewa.

Usiku mmoja mtoto wa mwanachama mwingine alishikwa na homa kali, akatetemeka na degedege, akafa kabla ya mapambazuko. Baada ya mazishi neno likaanza mtoni. Ati jioni ile magokoro alionekana akipita karibu na ile nyumba. Ati alimwangalia mtoto. Neno likatoka mtoni likafika sokoni. Wiki ya tatu, mwenyekiti na mweka hazina walihesabu akiba yote ya yule mama, wakaitia kwenye bahasha, wakamtuma mtoto aipeleke. Ilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho.

Sisi tulikwenda kukagua kikundi kama kawaida yetu. Kwenye daftari tulikuta jina lake limepigwa mstari kwa rula. Tukauliza. Wakatazama chini. Mmoja akasema, "Amechoka, amejiondoa."

Tulijua. Habari tulikuwa tumeisikia kwa mwenye pikipiki tukiwa njiani. Lakini jioni ilikuwa imefika, kikundi kilikuwa kizuri, na hatukutaka kukivunja. Tukaandika katika ripoti: "Mwanachama mmoja amejiondoa kwa hiari." Mkono ulioandika ulikuwa wetu, ndugu zangu. Tena tulikuwa tumepokea Komunyo Jumapili ile.

Baada ya miezi miwili nyumba ya magokoro ilichomwa usiku. Neema ya Mungu hakuwamo. Alikimbilia kwa binti yake alikoolewa. Ninyi mnajua chinsoni zetu, zile taratibu za heshima. Mnajua maana ya mama kulala katika boma la mkwe wake. Alikuwa analala jikoni, na asubuhi anatoka mapema ili mkwe asimkute.

4. Nikodemo katika baraza

Tukiendelea mpaka sura ya saba ya Yohane, tunamkuta Nikodemo tena. Wakubwa wanataka Yesu akamatwe. Wote wamekwisha kuamua. Nikodemo anasimama peke yake na kuwauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza kwanza na kujua alilolitenda. Ni swali tu. Na wenzake wakamgeukia, wakamwuliza kama na yeye ametoka Galilaya.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mpaka leo. Ukisema, "Hebu tumwulize kwanza," watakwambia, "Kumbe na wewe uko upande wao!" Kwa hiyo watu wema wananyamaza.

Kunyamaza kumetugharimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi huku Gusii walichomwa wakishukiwa kuwa abarogi, yaani wachawi. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 waliuawa hivyo hivyo huku Kisii, wengi wao akina mama wazee. Oktoba 2021 akina mama wanne waliuawa Marani. Hayo hayakutendeka katika nchi isiyomjua Mungu. Vijiji vyetu vina kanisa karibu kila kilima.

Najua swali liko midomoni mwenu: "Kwani mnasema uchawi haupo?" Tutajibu bila kuzunguka. Kanisa linakataza mambo ya uganga na uchawi. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema hivyo wazi. Mtu anayekwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kumdhuru jirani anatenda dhambi, hata kama dawa yenyewe ni majivu matupu. Lakini Kanisa hilo hilo linakataza kumshuhudia jirani uongo, na linakataza kuua. Na pale tunapokwenda kwa omoragori ili atutajie nani ameleta kifo, hapo sisi ndio tumeingia katika jambo lililokatazwa, hata kabla ya kumgusa mtu.

Wengine wanafungua Kutoka 22:18, pale sheria ya zamani inaposema mchawi asiachwe hai. Tunawaomba wasome aya nne tu mbele, ya 22. Hapo Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima, na anasema wakimlilia atasikia kilio chao. Tunachagua ile ya kwanza na kuifunika ya pili kwa sababu gani? Na wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya tisa ya Yohane, walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walikuwa wanatafuta mtu wa kumlaumu. Yesu aliwakatalia kabisa, akamponya yule kipofu. Mtu akiwa mgonjwa, Yesu haanzi kwa kutafuta mkosaji.

Sheria ya serikali nayo iko. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ilitungwa tangu 1925. Inamkataza mtu kujifanya mchawi, na pia inafanya kuwa kosa kumshtaki mwenzako hadharani kwamba ni mchawi. Wengi wanajua kipande cha kwanza tu.

Sasa twende kwenye maarifa, kwa sababu Roho Mtakatifu hutuletea ukweli pia kwa njia ya daktari na mwalimu.

Malaria kali inapopanda kichwani humfanya mtoto kutetemeka na kupoteza fahamu, na inaweza kumwua kwa muda mfupi sana. Presha ikipanda, mtu mwenye nguvu zake anaweza kuanguka na upande mmoja ukafa, au akafariki papo hapo. Presha hiyo inaweza kukaa mwilini miaka bila kuonyesha dalili.

Kuna ugonjwa wa kusahau, unaowapata wazee wengi. Ubongo unachoka. Mama anasahau jina la mtoto wake, anaongea peke yake, anaamka usiku na kutembea bila kujua aendako. Wakati mwingine anavua nguo. Alfajiri anakutwa amesimama kwenye boma la watu. Sisi tunasema tumemfumania katika kazi yake ya usiku. Kumbe ni mgonjwa aliyepotea njia, na alihitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha kitandani. Hata macho mekundu ya akina mama wazee tunayoyaogopa, mara nyingi ni moshi. Mtu aliyepuliza moto wa kuni kwa miaka sitini, macho yake yatakuwa meupe?

Na tuseme la mwisho, ambalo halisemwi kwa sauti. Ni shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Vipande vimekuwa vidogo, vijana wamekaa bila kazi, na mjane amekalia shamba la marehemu mumewe. Tukisikia mama fulani ametajwa, tuulize pia: akiondoka, nani ataingia katika shamba lake? Tunayo methali, kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi tunaitumia kumshuku jirani. Labda anayekula yuko katika nguo zetu wenyewe, na jina lake ni tamaa.

5. Padre mmoja wa zamani

Tusidhani jambo hili ni aibu ya Abagusii peke yao. Huko Ulaya, kati ya miaka ya 1400 na 1700, Wakristo waliwaua makumi ya maelfu ya watu kwa shutuma za uchawi, wengi wao wanawake. Walikuwako majaji wasomi, na walikuwako mapadre waliobariki kazi hiyo.

Katika Ujerumani ya wakati ule alikuwako Mjesuiti mmoja, Padre Friedrich Spee. Alikutana na wanawake waliohukumiwa kuchomwa, na alichokiona kikamgeuza. Aliona kwamba walikubali makosa kwa sababu ya mateso, na kwamba mateso hayo yangemfanya mtu yeyote akubali, hata jaji mwenyewe. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kupinga kesi hizo. Hakuweka jina lake, maana ilikuwa hatari. Unaweza kusema naye alikuja usiku, kama Nikodemo. Mwaka 1635 alikufa kwa tauni huko Trier akiwa anawauguza wagonjwa.

Spee alikuwa padre tayari. Alikuwa amebatizwa, amesoma, amewekewa mikono. Lakini alikubali kufunguliwa macho na yale aliyoyaona mbele yake. Hakuiacha imani yake. Imani yake ndiyo iliyomkataza kunyamaza.

6. Nikodemo anakuja mchana

Turudi kwa magokoro wetu.

Mwaka uliofuata, yule mama aliyefiwa alipata shida tena. Mtoto wake mwingine alishikwa na homa ile ile, saa zile zile za usiku. Safari hii alimbeba akakimbia naye zahanati. Wakamtoboa kidole, wakapima damu, wakakuta malaria. Akapewa dawa, akapona.

Wiki kadhaa baadaye Jumuiya yao ilikuwa inasoma Yohane sura ya tatu kwa ile njia ya hatua saba. Walipofika mahali pa kushirikishana, yule mama alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Daktari alipima damu. Mimi sikupima kitu, nilisikia tu. Na mimi ndiye niliyeanza kusema."

Hakuna aliyemjibu. Mwisho wa sala walipanga kwenda kumwona magokoro. Wakatuita sisi tuwasindikize. Tulikwenda tukiwa na aibu, maana na sisi tulikuwa na ripoti yetu.

Alitukaribisha. Alitafuta viti, akakosa vya kutosha, akatandika gunia. Alisikiliza maneno ya kila mmoja. Halafu akauliza jambo moja tu: "Kwa nini hamkuniuliza?"

Ni lile swali la Nikodemo katika baraza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu.

Kikundi kiliamua kumjengea nyumba. Miti ilikatwa, mabati yakanunuliwa. Kabla udongo haujakandikwa, magokoro aliugua, akafariki kule kule kwa binti yake. Akina mama wale walitoa pesa za kikundi wakanunua jeneza, wakamleta nyumbani, wakapika, wakakesha. Yule mama aliyefiwa na mtoto alishika jeneza mbele. Kabla ya mazishi mweka hazina alifungua daftari na kuandika jina lake upya, chini ya majina yote, kwa sababu mstari ule wa rula haufutiki.

Nikodemo anaonekana mara ya tatu katika Yohane sura ya kumi na tisa. Yesu amekufa. Wanafunzi wengi wamekimbia. Nikodemo anakuja akiwa amebeba manemane na udi, uzito wa ratili kama mia moja, amsaidie Yosefu wa Arimathaya kumzika. Hajifichi tena. Yohane mwenyewe anatukumbusha kwamba huyu ndiye yule aliyekuja kwanza usiku. Alichelewa, ndiyo. Lakini alifika.

Hatuwaambii haya ili mseme, "Basi, hata tukichelewa si neno." Tunawaambia ili ninyi msichelewe.

7. Vikundi vyetu vifanye nini?

Kwanza, wekeni katika katiba yenu kwamba mwanachama hawezi kuondolewa kabla hajaitwa na kusikilizwa mbele ya wote. Kama ameshtakiwa kwa uvumi tu, andikeni: hakuna shtaka.

Pili, kila kikundi kiwajue wazee walio peke yao. Wagawaneni. Wanachama wawili kwa mzee mmoja, wamtembelee kila wiki na kumsindikiza zahanati apimwe presha na sukari.

Tatu, homa ya mtoto isingoje asubuhi. Wekeni pesa kidogo za dharura katika sanduku la kikundi kwa ajili ya pikipiki ya usiku. Pesa hizo zinaweza kuokoa watu wawili: mtoto, na yule ambaye angelaumiwa.

Nne, mkisikia jina la mtu limeanza kutajwa, msingoje. Siku hiyo hiyo wajulisheni chifu, paroko na mzee wa kijiji. Nendeni mkakae katika boma la anayetajwa, mchana kweupe, mnywe chai yake. Vijana wakiona watu wazima wamekaa pale, mara nyingi watafikiri mara mbili.

Tano, wajane wasaidiwe kushughulikia karatasi za shamba mapema, kabla ugomvi haujaanza.

Mtatuuliza tena: hayo ni maendeleo au ni kuzaliwa upya? Mlishike swali lenu sasa mlijibu wenyewe. Sisi tulijibiwa na yule mama jikoni.

Tukirudi ofisini wiki ile, tulitafuta nakala ya ripoti yetu ya zamani. Tuliandika nyingine na kuibandika juu yake: "Mwanachama hakujiondoa. Alifukuzwa, nasi tulijua." Iko kwenye faili mpaka leo, na kila mfanyakazi mpya tunamwonyesha. Huo ndio ushuhuda wetu wa kuokoka. Si mkubwa, lakini tulianzia hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayeogopwa? Je, kuna aliyewahi kumwuliza lolote?

2. Ni jambo gani tulilolijua zamani kuwa kweli, na baadaye tukagundua tulikosea? Tulijisikiaje kubadilika?

3. Nikodemo alikuja usiku, akasema barazani, akabeba manukato mchana. Kikundi chetu kiko wapi kati ya hatua hizo tatu?

4. Katika mambo matano tuliyotaja, ni lipi tunaweza kuanza nalo kabla ya mkutano ujao? Nani atalifuatilia?

Mungu awabariki, awafikishe nyumbani salama. Na mkipita kwa mama mzee wa jirani jioni ya leo, msimamie barabarani kumsalimu. Ingieni.